Naomba ushauri: wasifu wa baba, mpima ardhi aliyeishi na Parkinson

Habari zenu ndugu zangu. Naandika wasifu wa marehemu baba, mpima ardhi aliyeugua Parkinson. Ugonjwa huu hupunguza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Mikono hutetemeka, mwendo huwa mzito, hata mwandiko husinyaa. Kwenye madaftari yake ya upimaji hilo linaonekana wazi: tarakimu za pembe na umbali, zilizokuwa kubwa na safi, zinazidi kuwa ndogo mpaka hazisomeki. Kwangu kurasa hizo zina thamani kuliko picha yoyote.

Nina rasimu mbili. Moja inautaja ugonjwa, nyingine inaeleza mipaka na ramani tu. Mama anataka ya pili.

Je, niutaje kwa kiasi gani bila kumvunjia baba heshima? Na maandishi ya penseli niyahifadhije yasifutike?