Naomba ushauri: asembla ya baitikodi ya Python, lebo zinahama

Wakuu, heshima kwenu. Naandika asembla ndogo inayosoma amri za maandishi na kutoa baitikodi ya Python 3.10 (amri za ngazi ya chini ambazo Python yenyewe huziendesha), kisha naipitisha kwenye types.CodeType, inayoifanya kuwa kitu cha kodi, na kuiendesha kwa exec. Programu fupi zinaenda vizuri kabisa.

Nimekwama kwenye miruko, yaani amri zinazoipeleka programu kwenye lebo (jina la mahali fulani ndani ya kodi). Tangu toleo la 3.6 kila amri ina baiti 2: moja ya amri yenyewe, moja ya thamani yake. Thamani ikizidi 255 lazima utangulize EXTENDED_ARG, amri ya kubeba sehemu ya juu ya thamani hiyo, nayo inakula baiti 2 zaidi. Sasa nikiiweka kabla ya amri ya mruko JUMP_ABSOLUTE, lebo zote za chini yake zinasogea, na mruko mwingine uliolenga amri ya 255 unajikuta unalenga ya 256, nao unadai EXTENDED_ARG yake. (Kwenye 3.10 lengo la mruko huhesabiwa kwa amri, si kwa baiti.)

Kwa sasa napita mara mbili: kwanza nakusanya lebo, kisha naandika baiti. Haitoshi. Nimejaribu kuuwekea kila mruko EXTENDED_ARG hata usipoihitaji; moduli ya dis, inayochapisha baitikodi kwa maandishi, inaonyesha lebo ziko sawa, ila kodi inavimba bure na ningependa kazi safi.

Je, nirudie kupita mpaka urefu wa amri zote utulie, nikiruhusu amri kurefuka tu bila kufupika tena, au kuna njia bora?

Na co_stacksize (kina kikubwa zaidi cha stack, yaani rafu ya thamani za muda, ambacho kodi inahitaji) mnaipataje kwa uhakika pale njia mbili zinapokutana kwenye lebo moja?

Natanguliza shukrani.