Mbwa kawekewa chuma pajani, mshono unatoa majimaji

Mzee wa Kibaha:
Wakuu, Simba wangu aligongwa na bodaboda, juzi akapasuliwa na kuwekewa chuma pajani. Mshono unatoa majimaji mepesi mekundu, naye haachi kuulamba. Jirani anasema nimwagie spiriti. Nifanyeje?

Dokta Mifugo:
Spiriti hapana, inaunguza nyama changa. Majimaji mepesi kidogo siku za mwanzo si ajabu. Yakiwa mazito, yakinuka, mguu ukivimba na kuwa wa moto, mrudishe kwa aliyempasua leo leo. Bakteria wakishajishikiza kwenye chuma, dawa huwafikia kwa shida. Wakati mwingine hadi chuma kitolewe. Ila adui yako mkubwa ni huo ulimi. Mvishe koni ya shingoni, ile kola pana ya kumzuia kujilamba, usiku na mchana mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku 10 hadi 14.

Binti Tegeta:
Ukikosa koni, toboa kitako cha ndoo ya plastiki, kichwa kipite hapo. Wangu alininunia kweli kweli, lakini mshono hakuufikia.

Dokta Mifugo:
Ndoo inafaa, funika ukingo kwa kitambaa. Asioge, na alale ndani: nzi wakitaga hapo utakuta funza. Antibayotiki amalize zote. Na ile diklofenaki, dawa yako ya maumivu ya mgongo, Mzee, usimpe.