Huyu ni ngege wa wazee au ni sato? Naombeni ushauri

Mwana wa Masaka:
Shikamooni wakubwa, salamu wenzangu. Huku kwetu Uganda, si mbali na ziwa Nabugabo, kuna kijiziwa kilichozungukwa na matete. Juzi wavu wa vijana umetoa samaki mweusimweusi, mdomo mdogo, mkia hauna milia. Babu alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ndiye ngege." Mimi tangu utotoni ngege ninayemjua ni yule anayeuzwa barabarani. Nimwamini babu? Vijana wanataka kumkaanga.

Mama Jinja:
Mwamini, mwanangu. Tunayemla leo kwa jina la ngege ni sato, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ngege mwenyewe, Oreochromis esculentus kwa wataalamu, ndiye aliyelisha watu wa ziwa hili zamani. Nyavu zilimpunguza, kisha wakaja sato na sangara, yaani mputa wetu. Jina likahamia kwa mgeni, mwenyewe akabaki kwenye vijiziwa kama hicho chenu. Inaniuma sana.
Sato mtambue kwa milia myembamba ya wima iliyojaa pezi la mkia. Ukiona kingo za mapezi zina rangi ya chungwa, huenda huyo ni mbiru, naye ni wa asili na ni adimu.

Mvuvi wa Kyoga:
Mama amesema kweli, ila mkia pekee usikudanganye. Sato na ngege huzaliana, na machotara wao nao huzaa. Lowesha mikono kwanza, mpige picha ya ubavuni, mkia ukiwa umekunjuliwa. Kisha uwaone watafiti wa NaFIRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa samaki, pale Jinja. Kipande kidogo cha pezi kinatosha kupima vinasaba. Na jina la kijiziwa usiliandike hapa, nakusihi.

Mwana wa Masaka:
Ahsanteni. Leo wamepatikana wawili, mmoja ana mayai mdomoni!

Mama Jinja:
Huyo ni jike anaatamia! Mrudisheni sasa hivi, msimshike matamvua, akishtuka atayatema. Kokoro, ule wavu wa kukokota, lisiguse ukingo wa kijiziwa, ndiko wanakozalia. Halafu ulizia mabwawa ya jirani: vifaranga vya sato vikimwagwa humo, au mvua ikivunja kingo, ngege wenu watachanganyika na hamtawapata tena.

Mwana wa Masaka:
Wote wawili wamerudi majini, picha ninazo. Kuna bwawa moja la sato upande wa juu. Jioni naenda na babu kuzungumza na mwenye bwawa.