Kwa nini maji ya Imperial Valley yalipitishwa Mexico kwanza?

Kipepeo22
Wakuu habari za saa hizi. Juzi nilikuwa naangalia picha za satelaiti za mpaka wa Marekani na Mexico upande wa California, jangwa tupu, halafu ghafla unakuta kijani kibichi kimekatwa katikati na mpaka, juu Imperial Valley chini Mexicali. Nikafuatilia kidogo nikaona mfereji wa kwanza wa kumwagilia mashamba ya Marekani ulichepukia Mexico ndo ukarudi juu. Hapo ndo nimekwama, mtu analima kwake maji anayapitisha nchi ya watu, kwa nini? Na wa upande wa pili waliambulia nini? Mwenye kuijua historia anisaidie, hata ikiwa ndefu nitasoma yote.

Mzee wa Ramani
Ni mchanga mkuu. Kati ya mto Colorado na lile bonde kuna matuta ya Algodones, na kwa zana za wakati ule kupitisha mfereji pale ilikuwa haiwezekani. Ila upande wa Mexico kulikuwa na mkondo wa kale wa mto, unaitwa Alamo, umeshajichimbia njia wenyewe kuelekea bondeni, na bonde lipo chini ya usawa wa bahari kwahiyo maji yanateremka yenyewe huhitaji pampu. Injinia George Chaffey akachimba kipande cha kuunganisha tu, mwaka 1901 maji yakafika na walowezi wakaanza kumiminika. Hata jina Imperial Valley waliliweka ili kuwavutia watu, maana eneo lilikuwa linajulikana kama jangwa la Colorado na nani ahamishe familia yake jangwani.

Sasa ule mto unabeba tope balaa. Kufika 1904 mfereji umeziba, wakulima mazao yanakauka, kampuni yenye mfereji ikatoboa ukingo wa mto sehemu nyingine huko huko Mexico BILA kujenga lango la kuzuia maji. Mwaka 1905 mafuriko yakaja moja baada ya jingine, tundu likapanuka mpaka karibu mto wote ukaacha njia ya baharini ukaanza kumwagikia bondeni, sehemu ya mji wa Mexicali ikamong'onyoka na kusombwa. Kampuni ya reli ya Southern Pacific ndo ikapambana kwa kumwaga mawe treni kwa treni, wakaziba Februari 1907. Lile ziwa la Salton Sea unaloliona kwenye picha lilianza na hayo maji.

Kipepeo22
Duh asante sana mzee wangu, kumbe ziwa zima limetokana na tundu lisilokuwa na lango! Na Mexico je?

Bi Mkulima
Kwanza Mexico walikuwa na haki, mkataba wa 1904 ulisema hadi nusu ya maji ya ule mfereji yaweza kutumika upande wao. Lakini mdogo wangu ukiuliza ardhi ilikuwa ya nani ndo utasikitika, zaidi ya eka 800,000 zilikuwa za Colorado River Land Company, ya matajiri wa Los Angeles, Harrison Gray Otis na mkwewe Harry Chandler, wenye gazeti la Los Angeles Times. Wakapanda pamba, na mashamba mengi wakawakodisha Wachina ambao Marekani ilishawafungia mlango tangu sheria ya 1882, ndo chanzo cha mtaa wa La Chinesca uliopo Mexicali mpaka leo. Upande wa juu nako kulikuwa na Wapunjabi, wahamiaji kutoka India, sheria ya California ya 1913 ikawanyima kumiliki ardhi, wengi wakaoa wanawake wa Kimexico na kulea familia zao pale pale. Mimi hawa watu ndo huwa nawawaza kila nikisikia sifa za "waanzilishi wa bonde", maana walichimba, wakapalilia, wakavuna, halafu hati ina jina la mtu mwingine.

Wamexico wenyewe walichoka. Tarehe 27 Januari 1937 wakulima wasio na ardhi wakaingia mashambani kwa nguvu, Rais Lázaro Cárdenas akaigawa ile ardhi kuwa ejido, yaani ardhi ya pamoja ya wanakijiji. Siku hiyo bado inakumbukwa Baja California, jimbo lenye Mexicali.

Mzee wa Ramani
Naongezea hapo kwa Bi Mkulima. Wa upande wa Marekani hawakupenda maji yao kupita kwa jirani, wakapigania mfereji wa ndani ya nchi yao, sheria ikapita 1928 na maji ya All-American Canal yakafika bondeni miaka ya 1940 mwanzoni, kama kilomita 130, safari hii mchanga ukakatwa kwa mashine. Mkataba wa 1944 ukaihakikishia Mexico mita za ujazo bilioni 1.85 kwa mwaka. Ila mfereji ulikuwa wa udongo, maji yakawa yanapenya chini yanaibukia kwenye visima vya Mexicali, watu wakalima kwa hayo miaka na miaka, mpaka Marekani walipojenga kipande kipya cha zege kama kilomita 37, kikakamilika karibu 2009, na visima vikaanza kupungukiwa.

Nuru_7
Jamani mbona hamjawataja Wacucapá, wenyeji wa asili? Hao walikuwa kwenye delta ya mto Colorado kabla ya kampuni yoyote, mafuriko yakipungua wanapanda mahindi, maharage na maboga kwenye tope bichi, bila mfereji. Mabwawa yalipojengwa juu mafuriko yakaisha na kilimo chao kikaisha nayo. Machi 2014 nchi mbili zilikubaliana kufungulia maji kwa wiki nane tu pale bwawa la Morelos mpakani, na watu wa mji wa San Luis Río Colorado upande wa Mexico wakatoka na watoto wao kuingia mtoni, wengine ndo mara ya kwanza kuona maji chini ya daraja lao.

Kipepeo22
Hiyo ya daraja imenigusa sana Nuru. Narudi kwenye ramani kuutafuta huo mji.