Natafuta filamu za Wakristo walioshika imani chini ya mateso ya serikali, zisizo na majibu rahisi

DadaTumaini

Wakuu, salaam. Ninaandaa jioni za filamu kwa vijana wa kanisani, wote wamevuka miaka 16, na mada tuliyochagua ni Wakristo waliong'ang'ania imani serikali yao ilipowageuka. Tulianza na filamu moja ambayo sitaitaja. Mchungaji anakamatwa, anapigwa, anasali, mlango wa gereza unafunguka, muziki unapanda, watu makofi. Halafu binti mmoja akauliza: "Kwa hiyo wale ambao mlango haukufunguka hawakusali vizuri?" Nikamwambia tutaliongelea wiki ijayo, na wiki ijayo ndiyo hiyo inakuja.

Nataka filamu ambayo haitamdanganya huyu binti. Mtesaji asiwe katuni na muumini asiwe sanamu ya plasta. Ikiwa na mtu anayeyumba, bora zaidi. Lugha si tatizo, maandishi ya chini tunasoma. Nishaurini.

Mzee wa Projekta

Huyo binti usimpoteze, maana ameuliza swali ambalo waongozaji wengi wa filamu za aina hii wanalikwepa.

Enzi zetu ukienda kutazama picha ulijua sheria moja: steringi hafi. Filamu unazozitaka zinaanzia pale sheria hiyo inapovunjwa. Steringi atakufa, na mtazamaji anajua mapema. Sasa kama suala si kupona, tunatazama nini? Mimi natazama dola inamwomba nini. Katika filamu mbovu inaomba kila kitu kwa kelele na mijeledi. Katika filamu nzuri inaomba kitu kidogo mno, saini au neno au hatua moja ya mguu, na inaomba kwa upole, kama karani anayetaka kufunga ofisi aende nyumbani.

Chukua A Hidden Life ya Terrence Malick, ya 2019. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima wa Austria, kijiji cha St. Radegund, ana mke na mabinti watatu. Aliitwa jeshini, akakataa kula kiapo cha utii kwa Hitler, akakatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 2007. Hiyo ndiyo hadithi yote, haina kutoroka wala muujiza. Lakini tazama jinsi kila mtu anavyomjia. Askofu anamkumbusha wajibu wake kwa nchi. Anaambiwa anaweza kupangiwa kazi ya hospitali asishike bunduki. Anauliza kama kiapo kitakuwepo, anajibiwa kipo palepale. Wakili anamsogezea karatasi na kumwambia akitia saini atakuwa huru. Anajibu kwamba yeye tayari yuko huru. Hakuna anayemtukana hapo. Wote wanamhurumia, na huruma yao ndiyo inayomkaba.

Kuna kipande kimoja ambacho ningekisimamisha na kukirudisha mbele ya vijana. Jaji mzee, aliyeigizwa na Bruno Ganz, anamwita Franz faragha, anamhoji kama mtu anayetafuta jibu lake mwenyewe. Franz akishatolewa, jaji anakwenda kukaa kwenye kiti alichokuwa amekaa mshtakiwa, mikono juu ya magoti. Hasemi kitu. Waulize vijana: anafanya nini pale?

Na mke wake, Fani, msimsahau. Kijiji ni cha Wakristo watupu, wanaosali kanisa moja naye, na ndio wanaomtenga. Anabaki na shamba, watoto na mama mkwe, watu wakimpita bila salamu. Kwangu nusu ya filamu ni yake.

Ya pili ni The Ninth Day ya Volker Schlöndorff, ya 2004, ambayo watu wengi hawaijui. Padri wa Luxembourg anatolewa kambi ya Dachau, anapewa siku 9 nyumbani amshawishi askofu wake akubaliane na Wanazi. Akitoroka, mapadri wenzake kambini watauawa. Imetokana na kumbukumbu za padri wa kweli, Jean Bernard. Afisa anayemshughulikia ni kijana aliyewahi kusoma seminari, na ndiyo maana ni hatari, kwa sababu anaijua Biblia. Anamletea hoja ya Yuda, kwamba bila msaliti kusingekuwa na wokovu. Na nikupe kionjo: kijana huyo ameigizwa na August Diehl, yuleyule ambaye miaka 15 baadaye alikuwa Franz katika A Hidden Life. Waonyesheni zote mbili mfululizo, sura moja upande huu na upande ule.

Sophie Scholl: The Final Days (2005) nayo haina shaka. Binti wa miaka 21, anakamatwa Munich tarehe 18 Februari 1943 kwa vipeperushi vya kumpinga Hitler, tarehe 22 ameshahukumiwa na kuuawa, yeye na kaka yake Hans na rafiki yao Christoph Probst. Sehemu kubwa ni chumba kimoja, meza, na mpelelezi anayemfungulia mlango wa kutokea: aseme tu alipotoshwa na kaka yake. Unaona? Sentensi moja.

Silence ya Scorsese ningeiweka mwisho. Hiyo ina maneno.

Kalamu Nyekundu

Shikamoo mzee. Nakubaliana na yote mpaka sentensi ya mwisho. Kwa vijana wanaojifunza imani, Silence mimi nisingeiweka mwisho wala mwanzo. Mapadri wawili wanakwenda Japani karne ya 17 kumtafuta mwalimu wao aliyeikana imani, na mpaka inaisha filamu imekufundisha kwamba kuikana ni aina ya upendo. Ukikanyaga sanamu ya Kristo unaokoa watu, ukikataa unawaua. Nani atashinda hesabu ya namna hiyo? Franz wa Malick angekanyaga basi, arudi kwa mabinti zake! Huwezi kumsifu Franz Jumamosi hii, halafu Jumamosi ijayo unamsifu aliyefanya kinyume chake. Vijana watatoka na fundisho moja: kana hadharani, moyoni weka akiba.

Mzee wa Projekta

Marahaba. Umegusa kidonda, ila umeanzia kwa mapadri. Anzia kwa wanakijiji.

Maofisa wanaleta ile picha ya kukanyaga, wanaiweka chini, na wanasema ni utaratibu tu, gusa kidogo kwa mguu uende zako. (Karani yuleyule.) Kabla ya hapo mkulima Mokichi amewauliza mapadri wafanye nini. Padri mmoja anamwambia kanyageni. Mwenzake anasema hapana, haiwezekani. Mapadri wawili waliosafiri pamoja, imani moja, majibu mawili, na ni Mokichi atakayelipa. Wanakanyaga kweli, lakini maofisa wameona miguu inasita, wanaongeza: sasa temea mate msalaba. Hapo Mokichi na mzee Ichizo wanashindwa. Wanafungwa kwenye misalaba baharini, maji yanajaa na kupwa juu yao, na Mokichi anachukua siku 4 kufa, akiimba.

Mwenzao Kichijiro anatema. Anatema, anakimbia, halafu anarudi kuomba kuungama. Anakana tena, anarudi tena. Kila anaporudi unamchoka, na padri naye amemchoka, mpaka unaanza kujiuliza nani kakuambia wewe ni Mokichi.

Sasa historia yenyewe, maana filamu inaishia kabla. Ukristo ulipigwa marufuku Japani nzima mwaka 1614. Mwaka 1865, kule Nagasaki, mapadri wa Kifaransa wakiwa wamejenga kanisa la Oura, wakatokea wanakijiji wakamwambia padri Petitjean kwamba wao na yeye ni wa imani moja. Zaidi ya miaka 200 bila mapadri, wakibatizana wenyewe na kufundishana sala kwa siri. Marufuku iliondolewa 1873. Na Nagasaki kukanyaga sanamu ilikuwa jambo la kila mwaka, nyumba kwa nyumba. Wale wa 1865 ni wajukuu wa watu waliokanyaga, wakarudi nyumbani wakatubu, mwaka uliofuata wakakanyaga tena. Bila Mokichi wasingekuwa na cha kukumbuka. Bila akina Kichijiro asingekuwepo wa kukikumbuka.

Sisemi waliofanya hivyo walifanya vyema. Nasema imani iliwapitia hao pia, na binti aliyeuliza lile swali anastahili kujua hilo.

Kalamu Nyekundu

Hiyo ya 1865 ni nzito, sina ubishi nayo. Lakini umeipata kwenye historia, mzee, siyo kwenye filamu. Filamu inamfunga padri wake katika miaka mingi ya kuitumikia dola, hadi anakagua mizigo kutafuta alama za Kikristo, na tunaambiwa tumhurumie. Kama mtaionyesha, basi yule atakayesimulia ya 1865 awe ameshakaa tayari ukumbini.

Mzee wa Projekta

Hapo tumepatana.

Msomaji wa Pembeni

Mimi nasoma tu huwa siandiki, ila naona mmejaza Wanazi na watawala wa Japani wa zamani. Hao ni rahisi kuwachukia, wako mbali. Vipi serikali inayokwenda misa kila Jumapili?

Tafuteni Romero, ya 1989, Raul Julia ndiye askofu mkuu. El Salvador, nchi ya Wakatoliki, jeshi la Wakatoliki, na wanaouawa ni Wakatoliki pia. Romero alichaguliwa kwa sababu alionekana mpole, mtu wa vitabu, hatasumbua mtu. Hazijatimia hata wiki tatu tangu asimikwe, rafiki yake padri Rutilio Grande akauawa, Machi 1977. Tarehe 23 Machi 1980 Romero aliwaambia askari katika mahubiri kwamba hawalazimiki kutii amri ya kuua, waache ukandamizaji. Kesho yake alipigwa risasi akiadhimisha misa. Mwaka 2018 akatangazwa mtakatifu.

Kuna sehemu jeshi limegeuza kanisa kuwa kambi. Romero anaingia kuchukua Ekaristi. Askari anaimiminia risasi altare na tabernakulo. Romero anatoka nje, ameloa woga, humwoni shujaa pale. Anasimama kidogo. Halafu anageuka, anaingia tena, anapiga magoti na kuanza kuokota hostia, mikate ya Ekaristi, moja moja sakafuni, askari akiwa bado amesimama juu yake.

Filamu yenyewe si kamilifu, nakubali, baadhi ya mazungumzo yamekaa kihotuba. Lakini kile kitendo cha kutoka na kurudi kinatosha. DadaTumaini aliomba mtu anayeyumba, huyo hapo.

Mzee wa Projekta

Hii nilipaswa kuanza nayo. Na angalia, kijiji cha Franz ni jambo hilohilo, waliomtenga Fani walikuwa na rozari mikononi.

Fundi Sauti

Ya kiufundi tu, kwa mwandaaji. A Hidden Life inakaribia saa 3, na Wajerumani wanapofoka mara nyingi hakuna maandishi ya chini. Usidhani nakala yako ni mbovu, imetengenezwa hivyo. Sauti iwe nzuri, kwa sababu nusu ya maneno ni barua zinazosomwa kwa kunong'ona, na spika ndogo itazimeza. Silence ni saa 2 na dakika 40, ina mateso ya kuning'inizwa kichwa chini, watu wapewe tahadhari. The Ninth Day ni kama saa moja na nusu, ndiyo fupi kuliko zote mlizotaja. Romero haifiki saa 2.

Halafu wakikuomba kitu chepesi kidogo bila kuwa cha uongo, ipo The Hiding Place ya 1975, ya Corrie ten Boom na dada yake Betsie, Waholanzi waliopelekwa kambi ya Wanazi ya Ravensbrück kwa kuwaficha Wayahudi. Betsie anamshukuru Mungu kwa ajili ya viroboto wa bwenini, Corrie anaona amerukwa na akili, baadaye wanagundua walinzi hawaingii bwenini kwa kuogopa viroboto haohao. Na Betsie anafia kambini. Binti yenu atapata vyote viwili kwa pamoja.

DadaTumaini

Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Mzee, shikamoo na asante. Nimeamua: wiki hii The Ninth Day kwa sababu ni fupi na naweza kubakiza saa nzima ya mazungumzo. Inayofuata Romero. Kisha A Hidden Life kwa Jumamosi mbili. Silence itakuwa ya viongozi wa vijana peke yao kwanza, na Kalamu Nyekundu ndugu yangu, ya 1865 nimeshainakili.

Swali moja tu limebaki. A Hidden Life niikate wapi?

Fundi Sauti

Kata Franz anapoondoka kijijini kwenda kuripoti jeshini. Wiki ya pili anzia kambini, kabla ya kiapo.

Mzee wa Projekta

Marahaba mwanangu. Hapohapo alipotaja Fundi. Na usiwasimulie kitakachofuata, hata wakikubembeleza.