Mtoto kaungua na chai, bibi yake anakataza mayai na samaki, nifanyeje?

Mama Nunu (Lindi)
Habari zenu jamani, naombeni msaada. Mwanangu ana miaka 5, alimwagikiwa na chai ya moto kifuani na mkononi, tulilazwa sasa tumerudi nyumbani tunaenda kusafisha kidonda tu. Kakonda mpaka mbavu zinahesabika. Bibi yake mzaa baba kakataza mayai, samaki, karanga, eti vinatia usaha na kidonda kitawasha kisipone, mtoto anashindia uji mweupe na ugali wa mchuzi wa nyanya. Moyo unanikataa ila sitaki kugombana na mama mkwe.

Nesi wa Masasi
Pole sana mama, na mtoto mpe pole. Hivyo anavyokatazwa ndo anavyovihitaji kuliko vyote. Mwili ulioungua unatumia nguvu nyingi mno, aliyeungua eneo kubwa anaweza kuhitaji karibu mara mbili ya chakula chake cha kawaida, na yale majimaji ya kidonda yanatoka na protini, halafu ngozi mpya nayo inajengwa kwa protini hiyohiyo, sasa isipopatikana kwenye sahani mwili unaichukua kwenye misuli, ndo huko kukonda. Mtu mzima anapigiwa gramu 1.5 mpaka 2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mtoto anaweza kufika 3. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo hata mawili bado hayatoshi peke yake. Usaha unaletwa na vijidudu, sio yai. Kuwasha ni kawaida kidonda kikianza kufunga. Labda kama toka zamani akila yai au samaki anavimba au anatoka vipele, hapo ndo aache.

Baba Shamu, Mikindani
Dada huku kwetu Kusini chakula hicho kipo mlangoni. Mdogo wangu alipoungua tulimlisha samaki changu wa chukuchuku, mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, na korosho tunazitwanga tunamwagia kwenye uji, mtoto mdogo usimpe korosho nzima atapaliwa. Mapera, mapapai, maembe yakiwepo mpe, vitamini C inasaidia ngozi kushikana.

Binti Newala
Naongezea kwenye uji. Uji mwepesi unajaza tumbo tu, nguvu hamna. Upike mzito, tia unga wa karanga au ufuta, maziwa, kijiko cha mafuta, na umpe kidogo kidogo mara nyingi, maana mwenye maumivu hawezi kumaliza sahani. Usimlishe kwa nguvu akitoka kusafishwa kidonda, muache atulie kwanza.

Mama Nunu (Lindi)
Asanteni sana jamani, nimepata pumzi. Na chai ya rangi je, maana anaipenda? Na huyu bibi nimwambieje?

Nesi wa Masasi
Chai isiende pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, mpe maji na maziwa. Bibi nenda naye siku ya kusafisha kidonda, mwombe daktari au mtu wa lishe amweleze yeye mwenyewe, shikamoo kwanza, anampenda mjukuu wake huyo. Na mtoto apimwe uzito kila mkienda. Akipata homa, kidonda kikinuka au akigoma kula kabisa msingoje tarehe ya kliniki, mrudisheni siku hiyohiyo.