Darasa la tano wananisinzilia kipindi cha Sayansi, nifanyeje?

chaki_nyeupe (Moshi)
Habari zenu wakuu. Nafundisha Sayansi shule ya msingi, huku tambarare ya Moshi. Darasa la tano, watoto 78. Kipindi changu ni saa saba na nusu mchana, wameshashiba makande, na joto la huku mnalijua. Juzi nilikuwa na mada ya sumaku. Nikaandika ubaoni kwamba sumaku ni kitu chenye uwezo wa kuvuta vyuma, wakanakili. Kuuliza maswali, mikono ni ile ile minne ya mbele. Kuna mmoja nyuma alichonga penseli kwa wembe tangu naingia hadi natoka. Maabara hatuna, na sumaku yenyewe hatuna. Nikishika fimbo wanachangamka dakika tano, ila sitaki kufika huko. Wenye uzoefu mnawashikaje?

Kijiwe cha Njoro
Omba kipindi kihamie asubuhi. Makande yana usingizi wake mkuu 😂

chaki_nyeupe
Nimemwomba mwalimu wa taaluma tangu muhula wa kwanza. Bado anaifanyia kazi.

Bibi Mwalimu
Pole na kazi, mwanangu. Mimi nimestaafu, niko Marangu na migomba yangu. Tatizo lako limeanzia ubaoni. Umewapa jibu kabla hawajawa na swali, sasa wakae macho wakisubiri nini?

Tena hilo jibu lenyewe lina shimo. Kwa mtoto wetu "chuma" ni kila kitu kigumu kinachong'aa. Sufuria kwake ni chuma, waya wa shaba ni chuma. Nenda kwa fundi redio umwombe spika zilizokufa, kila moja ina duara jeusi la sumaku mgongoni. Weka mezani msumari, kizibo cha soda, kifuniko cha sufuria ya alumini na kipande cha waya wa shaba. Kabla hujagusa chochote, kila mtoto aandike kipi kitanata. Wengi wataapa kwamba kifuniko kitanata, kwa sababu ni chuma. Kikigoma, hutahitaji fimbo.

Halafu watoe nje. Udongo wetu umetokana na volkano, una chembe nyeusi zenye madini ya chuma. Funga sumaku kwenye karatasi (zamani tungesema mfuko wa rambo) waiburuze mchangani. Zile chembe zitasimama kama ndevu. Usisahau karatasi, la sivyo utakesha ukizing'oa kwa kucha.

mzee_wa_mtihani
Yote mazuri, ila 78 ukiwatoa nje mkuu wa shule anakuja kuuliza kelele za nini. Na mtihani hauulizi ndevu za mchanga.

Bibi Mwalimu
Makundi 13 ya watoto sita, sumaku zizunguke. Na mkuu wa shule mwalike mapema, aje na kiti chake.

Mwl. Sakina (Arusha)
Mimi nilizinduliwa na mtoto wa darasa la sita. Nafundisha mada nyingine kabisa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona sisi meno yetu ya kahawia na mjomba wangu wa Mwanza ni meupe?" Darasa zima kimya. Nikafunga kitabu. Nikawaeleza kuhusu floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji, kwamba inaliharibu jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, ndiyo maana mswaki hauitoi. Mmoja akasema basi tuchemshe maji. Hapana, kuchemsha hakuiondoi, ila mkaa wa mifupa huipunguza. Kesho yake walileta maji kwenye chupa, bomba na visima vya mtaa mzima. Sikuwa na kifaa cha kuyapima, nikawaambia hivyo hivyo. Hakuna aliyesinzia.

Kijiwe cha Njoro
Ngoja nije serious sasa. Wasimulie habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa ya moto yameganda kabla ya ya wenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar, wenzake wakacheka, lakini yule akaenda kujaribu. Wakaandika pamoja, ikachapishwa 1969. Wanasayansi wanabishana mpaka leo. Na mwenyewe alisomea wanyamapori Mweka, hapo juu yako tu.

chaki_nyeupe
Mrejesho wakuu. Fundi kaniachia spika tano kwa buku mbili. Kwenye kifuniko Bibi ulipatia, waliobashiri sawa ni 11 tu, na mmoja kati ya wale wanne wa mbele kagoma kuamini, kaenda kukiosha ajaribu tena. Mkuu wa shule alikuja kweli, kaondoka na mchanga kwenye suruali.

Yule wa penseli, wembe wake ulinata. Sumaku ikamponyoka, ikapasuka vipande viwili. Nilidhani atalia. Akauliza kama kila kipande bado kitavuta au nguvu imebaki upande mmoja. Nimemwambia aandike anachobashiri. Vipande viko kwenye droo yangu hadi Jumatatu, wembe pia.